Jando la Pikapu ya Bi Zuhura

Ninyi vijana mnaonitembelea hapa Ikungi mna tabia moja. Mnasimamisha pikapu nje ya uzio wangu, mnateremka, mnaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mzee Elisha," halafu mnakaa mpaka uji unapoa, na muda wote huo injini inanguruma barabarani bila kazi. Marahaba, wanangu. Lakini nendeni mkazime kwanza, ndipo tuongee. Hayo mafuta yanayoungua hapo nje hayampeleki mtu popote.

Haya. Mmeniuliza tena lile swali lenu: pikapu gani haili mafuta, na pikapu gani inadumu? Mnataka nitaje jina la kiwanda ili mkimbie kununua. Sitaji. Nimeendesha pikapu maisha yangu yote ya kazi, na nimeona mbili za aina moja, zilizoteremka meli moja, moja ikiwa bado inabeba alizeti na nyingine imekuwa banda la kuku. Waliozitengeneza ni walewale. Tofauti ilianza kwa watu waliozipokea huku.

Tuanze na asubuhi, maana wengi wenu mnaua gari asubuhi. Mtu mzima ukikutana naye unamwamkia, na gari nalo lina shikamoo yake. Fungua boneti kabla ya kufungua mlango. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena, utazame kimo na rangi. Tazama maji ya rejeta injini ikiwa baridi, siyo ikiwa imechemka, maana kuna mwenzetu alibabuka uso kwa haraka zake na mpaka leo nyusi hazijarudi. Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Halafu pima upepo wa tairi kwa geji. Kupiga tairi teke mbele ya wasichana wa stendi siyo kupima. Tairi laini linalivuta gari nyuma kutwa nzima, na wewe unakanyaga mafuta kulibembeleza.

Mnasema mzee anapenda kuhubiri. Ndiyo, napenda. Nimestaafu, nifanye nini kingine?

Aliyenihubiria mimi ni mzee Njiku, Mnyaturu mwenzangu, dereva wa malori ya ushirika. Mimi nilikuwa utingo wake, yaani mtu wa kutega jiwe chini ya tairi, kufunga turubai na kutukanwa. Siku zile petroli ilitolewa kwa kibali, na ukiishiwa porini unalala hapohapo na fisi. Kwa hiyo mzee Njiku alikuwa bahili wa mafuta kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alikuwa akiuona mteremko kwa mbali anaondoa mguu mapema, akiuona mlima anajikusanya mapema, na ng'ombe wakivuka barabara anawasubiri kwa utulivu kama mtu aliyealikwa kuwatazama. Alikuwa anafika baada ya wenzake wote, lakini alikuwa anafika kila mara.

Ila ubahili wake ulikuwa na mpaka. Madereva wengi wakifika juu ya Sekenke, pale barabara inapoanza kuporomoka kuelekea mbuga ya Wembere, walikuwa wanazima injini na kuliachia gari frii, liteleze lenyewe mpaka chini, wabakize chochote kwenye tangi. Siku ya kwanza kufika pale, mzee Njiku alinishusha, akanipeleka ukingoni na kunionyesha mabati yaliyokuwa yanametameta bondeni.

"Unawaona wale?" akaniuliza. "Wale wote walikuwa wanabana mafuta. Mlima unaushuka na gea ambayo ungeupandia. Umesikia?"

Nilisikia. Sijawahi kuliachia gari frii mlimani tangu siku hiyo, na nyie nikisikia mmefanya hivyo msije tena kunywa uji wangu.

Jambo lake lingine mimi nililiona la kizee. Miezi ya baridi, upepo wa Singida unapokata masikio, alikuwa anachukua gunia la katani na kulifunga mbele ya rejeta, lizuie upepo. Tukikaribia mlima ananituma nilifungue. Tukimaliza mlima ananituma nilifunge. Mikono inakufa ganzi, yeye amekaa ndani na koti lake. Nikamuuliza kwa nini tunalivisha lori nguo. Akasema injini iliyopigwa na baridi inakula bila kushiba, hata iende mbio namna gani. Nikalifunga gunia, lakini moyoni nikasema huyu mzee ananionea tu.

Kumbukeni gunia hilo. Tutalihitaji.

Basi ikaja miaka ya ruksa. Ninyi mmezaliwa maduka yamejaa, hamuwezi kujua ilikuwaje kuona sabuni za rangi tofauti rafuni mpaka mtu unasahau ulikuja kununua ipi. Mitumba ikaja, redio zikaja, watu wakaanza kukamua alizeti yao na kuuza kwa wanayemtaka, wachimbaji wadogo wakarudi Sekenke kwenye mashimo ya dhahabu ya zamani. Na kutoka bandarini zikaanza kupanda pikapu za Kijapani, zimetumika huko kwao, lakini kwetu zilikuwa bibi harusi. Zilikuwa nyepesi, zina redio, zina hita ya kupasha miguu, na kwenye mlango kuna maandishi ambayo hakuna mtu mjini aliyeweza kuyasoma. Malori ya ushirika yalikuwa yamekufa moja moja, mzee Njiku amerudi kwake kulima, na mimi nilikuwa natafuta usukani.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyozipokea. Mjini kulikuwa na gereji ya fundi Shomari, mtu mkubwa kuliko mimi, mkono wake ulikuwa unajua chuma, na sisemi haya kwa kejeli. Kila pikapu ikitoka bandarini lazima ipelekwe kwake jando. Ndivyo tulivyoita, jando. Siku imepangwa, mwenye gari kaja na ndugu zake, madereva tumekusanyika. Fundi anafungua boneti, anafungua pale mpira mkubwa wa rejeta unapoingia kwenye injini, na kutoa kidude kidogo cha shaba chenye springi. Themostati. Anakiinua juu, watu wote wakione.

"Hiki ni cha nchi za baridi," anasema. "Kazi yake kuzuia maji mpaka injini ipate joto. Huku kwetu jua lote hili, cha nini? Kitachemsha injini bure. Sasa limetahiriwa, limekuwa gari la Singida!"

Anakitupa kwenye kopo la maziwa la bati lililoning'inia ukutani, kling, watu wanapiga makofi, mwenye gari ananunua soda. Gari ambalo halijapita jando lilionekana bado toto, na mwenye nalo alitaniwa mpaka alipeleke. Siku ya jando la pikapu ya Bi Zuhura nami nilikuwepo. Soda yake niliinywa.

Bi Zuhura alikuwa mfanyabiashara wa mjini. Upande wa baba walitokea Tabora, upande wa mama pwani, lakini yeye alizaliwa Singida na alipiga bei kwa Kinyaturu kuliko wenye Kinyaturu chao. Alipeleka mafuta ya alizeti, unga na sukari kwa wachimbaji wa Sekenke, akirudi anapitia Ulemo kuchukua kuku wa kienyeji, na kuku wale wanakwenda Manyoni kupakiwa garimoshi. Pikapu ile ndiyo ilikuwa biashara yote. Mume alikuwa amefariki, watoto wanasoma, na aliinunua kwa kuuza nyumba ya urithi. Kwa hiyo kila tone alilifuatilia kwa macho.

Dereva wake wa kwanza aliitwa Lameki, kijana wa Manyoni, mpole, mkono wake wa gea ulikuwa laini hata kuku kwenye matenga walikuwa wanasinzia. Lakini kila akitoka Sekenke, akifika Ulemo tangi limekauka, anamimina dumu la akiba, na mjini anaingia na harufu tu. Bi Zuhura alikuwa na binamu yake Dar es Salaam mwenye pikapu pacha na ile, na ya binamu ilikuwa hainywi hata karibu na hapo. Akamuuliza Lameki mafuta yanakwenda wapi. Lameki akasema, "Mama, sijui. Linakula tu." Hilo jibu lilimponza. Kisha akaonekana na baiskeli mpya, watu wakasema umeona? Lisemwalo lipo. Baiskeli alikuwa amenunua kwa mbuzi wake, lakini nani aliuliza habari za mbuzi? Wakasema ana mpira wa kunyonyea petroli anaouficha chini ya kiti. Wakamwita Lameki Mpira. Bi Zuhura akamfukuza mbele ya watu pale kituo cha mafuta.

Nikachukua kazi yake. Nilifurahi, nawaambia ukweli, nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Na mimi kama mji mzima niliamini kwamba Lameki alikuwa na mpira.

Safari yangu ya kwanza ya Sekenke niliendesha kama nimembeba mzee Njiku mwenyewe. Mguu mwepesi, gea kwa wakati, sikupita mtu, sikushindana na mtu. Kufika Ulemo kwenye kurudi, injini ikakohoa. Nikashuka nikatazama chini ya gari, hakuna kinachovuja. Nikamimina dumu. Nilipoingia mjini Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, akatazama geji, akanitazama mimi, akaingia ndani. Jicho lile lilinikera kuliko matusi.

Safari ya pili hivyohivyo. Nikasafisha kisafisha hewa, maana vumbi la Wembere likikijaza injini inahangaika kama mtu anayepumulia shuka. Kumbukeni hilo pia, kila mkitoka vumbini kung'uteni. Nikabadilisha plagi. Nikakaza breki iliyokuwa inashika. Kila kimoja kilisaidia kidogo, na haba na haba hujaza kibaba, lakini tangi hili lilikuwa na tundu ambalo sikuliona.

Ndipo Bi Zuhura akamwita mchomeleaji, akaweka pete mbili kwenye mdomo wa tangi, na kufuli. Kufuli kubwa la rangi ya dhahabu, la kufungia ghala. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Ikawa nikipita sokoni watu wanalitazama lile kufuli kabla ya kunitazama mimi. Wenzangu stendi wakaanza, "Mpira wa Pili huyo!" Nilicheka nao, kwa sababu ukikasirika wanasema umeguswa. Nyumbani sikucheka. Mke wangu aliniuliza, "Elisha, kweli huuzi?" Nikamwambia kweli. Akasema ananiamini, lakini alikuwa ameuliza.

Na mafuta yakaendelea kwisha, kufuli likiwa mahali pake. Mnadhani hilo lilinisafisha? Bi Zuhura alisema, "Nimefunga mdomo wa juu, wewe umetoboa mdomo wa chini." Akanipa safari moja ya mwisho. Yeye mwenyewe angepanda, akae kitini, alale tukilala, asiniondolee macho. Tangi likiwa kavu Ulemo, atauza pikapu, na mimi niende alikokwenda Lameki.

Asubuhi moja kabla ya safari hiyo nilikuwa nawapeleka watu Puma, baridi kali, nikawasha hita nipashe miguu. Ikanipulizia upepo wa baridi. Nikaendesha mpaka Puma na kurudi, hita bado baridi. Nikatazama mshale wa joto kwenye dashibodi. Umelala chini kabisa, kama vile gari halijawashwa. Nikajiuliza huu mshale umewahi kuinuka? Nikakumbuka kwamba isipokuwa kwenye kupanda Sekenke, sijawahi kuuona umesimama. Sote tulikuwa tunalisifia hilo. "Gari halichemki kabisa!" tunasema, tunalipiga piga boneti kulipongeza. Na pale nikiwa na miguu ya barafu nikaisikia sauti ya mzee Njiku: injini iliyopigwa na baridi inakula bila kushiba.

Niwaeleze kwa ufupi. Pikapu zile za kabureta zilikuwa na choki inayojiendesha yenyewe. Asubuhi injini ikiwa baridi, choki inafunga hewa ili petroli iende nyingi, gari liwake. Maji ya injini yakipata moto, choki inafunguka na petroli inapungua. Sasa maji yasipopata moto je? Choki inakaa imefunga nusu njia yote, gari linakula chakula cha kuamkia mpaka jioni. Nasi tulikuwa tumetoa kile kidude kinachoyapa maji nafasi ya kupata moto. Ya binamu kule Dar es Salaam haikupita jando, na hata ingepita, joto la huko lingesaidia. Singida mwezi wa saba, na upepo ule? Haisaidii kitu.

Nikaenda kwa fundi Shomari. "Fundi, shikamoo. Naomba unirudishie themostati ya Bi Zuhura."

Akacheka mpaka akaweka spana chini. "Unataka kulirudishia govi gari lililokwisha tahiriwa? Elisha, watakuua kwa kukuita Mpira, usitafute jina jingine."

Sikuwa na cha kumwonyesha ila maneno, na yeye alikuwa mkubwa wangu. Nikaondoka. Lakini nyumbani nilikuwa na magunia.

Siku ya safari, Bi Zuhura alikuja na chupa ya chai, mto wa kukalia na uso usiotaka mazungumzo. Tangi likajazwa mbele yake, dumu likajazwa, kufuli likafungwa, ufunguo kwenye pindo. Akaniona natoa gunia na kulifunga mbele ya rejeta kwa kamba.

"Hilo nini?"

"Mama, nalivisha koti. Mzee aliyenifundisha alikuwa anafanya hivi."

"Injini ikiungua?"

"Utazame wewe huu mshale. Ukipita katikati, uniambie nisimame."

Madereva wa stendi walicheka vizuri sana asubuhi ile. Mmoja aliuliza kama nimelinunulia na soksi.

Tukaenda. Kabla hatujaiacha milima ya mawe ya mjini nyuma, mshale ukaanza kuinuka, taratibu, ukafika chini kidogo ya katikati na kukaa hapo. Sauti ya injini ikabadilika, ikawa laini. Hita ikatoa joto. Bi Zuhura aliweka miguu karibu na tundu la hita, halafu akajifanya hakuiweka. Tulishuka Sekenke na gea ya kupandia. Tukawauzia wachimbaji mafuta ya alizeti na unga, tukalala kwa jamaa zake Shelui, na kesho yake chini ya mlima nikasimama kulifungua gunia, maana mlima ule na mzigo vingechemsha hata jiwe. Juu nikalifunga tena. Bi Zuhura muda wote alikuwa anautazama ule mshale kama anatazama chungu cha maziwa.

Tukafika Ulemo. Kuku wakapakiwa, matenga yakafungwa. Nikawasha gari niondoke.

"Simama," akasema. "Hapa ndipo unapomiminaga dumu."

"Leo halina haja, mama."

Akainama mpaka pua yake ikakaribia geji. Akaigonga kwa ukucha. Akashuka, akazunguka nyuma, akaliinua dumu na kulitikisa, likajibu kwa uzito wa dumu lililojaa. Akatazama kufuli. Akarudi kukaa, akasema, "Endesha," na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Tuliingia mjini na dumu halijafunguliwa. Hakuniambia nimpeleke nyumbani. Alisema twende moja kwa moja kwa Shomari, na kuku wetu wanaolia.

Fundi alisikiliza. Hakubishana na mwanamke aliyeketi safari nzima akitazama mshale. Akalishusha lile kopo, akalimwaga juu ya meza, akachagua, akapata themostati inayofaa. Kisha akafanya jambo ambalo nataka mlijue, kwa sababu ndiyo njia ya kuipima mpaka leo. Akaomba sufuria ya maji kwa mama lishe wa jirani, akaitumbukiza ndani, akaiweka kwenye jiko la mkaa. Tukainama wote. Maji yalipokaribia kuchemka, kile kidude kikajifungua taratibu, kama mdomo wa kifaranga. Akakitoa, kikapoa, kikafumba. Akairudisha majini, ikafunguka tena.

"Malori ya zamani rejeta zilikuwa zimeziba," akasema fundi Shomari, kama anajisemea. "Yalikuwa yanachemka, vipuri hakuna. Tukitoa hii yanapona. Kweli yalikuwa yanapona. Basi nikadhani gari lolote ni gari."

Hakuna aliyemcheka. Yeye aliendelea kulitazama lile rundo dogo la shaba juu ya meza, na matajiri wote wa mji tuliowajua walikuwa wanalia kwamba madereva wao ni wezi.

"Kila kimoja hapa kina dereva wake," akasema. Kisha akamtazama Bi Zuhura. "Na hiki chako kina wawili."

Bi Zuhura alikaa kwenye tairi bovu, mwanamke yule asiyekaa ovyo, akafunika uso kwa kanga. Nilidhani ataniambia pole. Alisema, "Lameki."

Kesho yake kuku walikuwa wa kwenda Manyoni. Themostati ilikuwa mahali pake, gunia nimelirudisha nyumbani, na Bi Zuhura akapanda tena. Kabla hatujaondoka alifungua kufuli mbele ya kituo kile kile cha mafuta, akanipa mimi pamoja na ufunguo wake, mbele ya wale wale waliocheka. Mpaka leo kufuli hilo ndilo linafunga banda langu la kuku, mkitoka mtaliona. Lakini njiani nilikuwa naogopa kitu kingine. Lameki akirudi, mimi nitakwenda wapi? Niliogopa, na bado sikupunguza mwendo.

Tulimkuta nyuma ya soko la Manyoni, anauza maji kwa ile baiskeli, madumu yamening'inia pande zote. Hakuna mwenye gari aliyempa usukani tangu afukuzwe. Alipoiona pikapu alishika baiskeli kwa mikono miwili kana kwamba tumeifuata hiyo.

Bi Zuhura alishuka, na yeye, mkubwa, ndiye aliyemtangulia kusema. "Lameki, mwanangu. Nilikuita mwizi, na hukuwa mwizi. Nimekuja kukuomba radhi, na nimekuja kwenu ili watu wako wanisikie."

Lameki aliiegemeza baiskeli ukutani. Kisha akauliza swali la dereva. "Lilikuwa linakula nini?"

Nikafungua boneti, nikamwonyesha mpira ule na kumweleza. Aliinamisha kichwa ndani ya injini na hakukitoa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikujua kama anacheka au analia, nadhani hata yeye hakujua. Alipoinuka alikuwa na oili kwenye paji la uso.

Kuhusu kazi, Bi Zuhura alikwisha kuamua peke yake njiani: mmoja atakwenda Sekenke, mwingine Manyoni, kwa zamu, na tuliendesha hivyo mpaka pikapu ilipozaa ya pili kwa mafuta iliyoacha kunywa. Ile ya kwanza ilimzeekea mikononi. Ninyi mnaotafuta gari linalodumu, hilo ndilo, na siwaambii lilitengenezwa na nani.

Lakini siku hiyo Lameki aliuliza kama anaweza kulipeleka mwenyewe mpaka stesheni. Nikampa ufunguo wa gari, nikapanda bodini na matenga. Stesheni iko karibu, unapinda mara moja unafika. Yeye hakupinda. Aliingia sokoni, polepole, kioo kimeshushwa, kiwiko nje. Mtu mmoja akapaza sauti, "Haa! Lameki Mpira!"

Bi Zuhura akatoa kichwa dirishani. "Anaitwa Lameki. Ni dereva wangu."

Tukalizunguka soko lote, kuku wanalalamika, gari linaunguza petroli kwa safari isiyo na kichwa wala miguu. Tulipofika tena kwenye njia ya stesheni, Lameki akapunguza mwendo na kumtazama Bi Zuhura, mwanamke aliyekuwa anahesabu mpaka tone linaloning'inia kwenye mdomo wa pampu.

"Zungusha tena," akamwambia.